Faili la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi wakili mwenye viatu vya kung'aa kaleta ombi hapa masjala ya mahakama. Anataka faili la kesi ya mtoto, ya zamani. Nikamwambia mafaili ya watoto ni siri, hayatoki bila amri ya hakimu. Akasema amri inakuja. Nikasema na mimi nipo, siendi popote. Si bure wananiita Mama Kufuli.

Kisha nikasoma jina. Mdogo wangu!

Wakili ni wa mtalaka wake, anayetaka kumnyang'anya watoto. Hoja yao: mama huyu alichoma stoo ya shule akiwa na miaka kumi na miwili, hafai kulea. Nikagonga muhuri wa kupokea. Hapa natumia jina la mume, hakuna ajuaye. Muhuri ulikaa sawasawa. Nilishangaa.

Jumanne, 4 Machi

Niandike tu, hapa hasomi mtu. Kiberiti kilikuwa changu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimejificha stoo na sigara yangu ya kwanza — na ya mwisho. Mdogo wangu alikuja kuniita nikale.

Mama alikata shauri huku anamenya viazi: mimi nina mtihani, yule bado mdogo, akiri yeye, hakimu atamwonea huruma. Huruma ikawa miezi minane shule ya maadilisho. Mtihani nilifaulu. Ndio ulionipa kazi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Amri imekuja. Hakimu atalisoma kwanza peke yake, mawakili baadaye akiona inafaa. Peke yake maana yake na mimi. Ndio utaratibu wetu: faili la mtoto likitoka kabatini, karani haliachi litoke machoni mpaka lirudi. Unakaa pale kama mzazi aliyempeleka mwanawe kuchomwa sindano.

Kabla ya kulitoa unajaza daftari: jina, saa, una uhusiano gani na mtoto. Nimeandika "hakuna". Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Bosi akanitania, eti faili hapa halipotei, linachelewa tu. Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimeshapima nafasi nyuma ya kabati. Inatosha.

Mchana nikampigia mdogo wangu, nikamwambia naweza kulichelewesha. Akasema: Dada, lipeleke tu. Likipotea watasema nimelificha mimi, na wanangu ndio basi tena. Halafu akauliza kama nimekula. Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika koridoni. Nimeomba dakika mbili nikanywe maji, faili nimeliacha kwa hakimu — mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja.

Hakimu alisoma taratibu, mama wa watu, miwani puani. Ukurasa wa tatu akasimama. Akasema ajabu, mtoto anakiri kila kitu ila hajui kiberiti kilitoka wapi. Na palikuwa na dada mkubwa! Hakuna aliyemhoji. Akaniuliza mimi, karani, kama kuna namna ya kujua huyo dada yuko wapi siku hizi.

Nikasema nitaangalia. Nitaangalia!

Mdogo wangu yuko kwenye benchi, anasubiri kuitwa. Mtalaka wake yuko upande wa pili wa koridoni, na wakili wake wa viatu. Mdogo wangu ameniona nilivyo. Anatikisa kichwa: usithubutu. Najua anachowaza, kwamba nitafukuzwa kazi. Watoto wake wako hatarini na bado ananibebea mzigo wangu. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Mlinzi wa mlango kaja. Hakimu anauliza, hayo maji nayachimbia kisima?

Nimemwambia amjibu hivi: karani anakuja, na anakuja na mdogo wake. Kanitazama, kalitazama benchi, kaingia kusema. Mlango kauacha wazi.

Mdogo wangu hajasikia. Bado ananitikisia kichwa.