Beki wa Chumba cha Chini

Saskatoon, Machi, barafu bado ipo

Dada yangu mpendwa Slavka,

Kabla hujaivaa miwani vizuri, jua kwamba barua hii imetoka mkononi mwa mtu ambaye Jumatatu iliyopita ligi nzima ya hoki ya barafuni ilikuwa inamsubiri aamke. Sisemi kwa kujisifu, unanijua. Nasema kwa sababu magazeti ya huko kwenu pwani hayatakuambia, maana wenye magazeti wananionea wivu tangu zamani.

Haya, hujambo dada? Mgongo wa shemeji Lorne unaendeleaje, na wapwa zangu hawajambo? Waambie mjomba wao ni mzima kama chuma, isipokuwa kikohozi kidogo ambacho daktari mwenyewe alikishangaa, akasema hajawahi kusikia kifua chenye sauti nzito namna hii. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali mpaka ukitema mate yanadunda barabarani, na mbwa wa jirani alikuwa anayakimbilia akidhani ni mpira. Nyie huko Victoria mnatembea na miavuli halafu mnalalamika.

Kazi yangu ni ileile, kuendesha gari la kulainisha barafu kwenye uwanja wa mazoezi wa timu ya Korongo. Watu wanadhani timu ni wachezaji. Timu ni barafu, na barafu ni mimi. Meneja wetu, Bwana Desrosiers, hapiti bila kuniambia habari za asubuhi, na kwa jinsi anavyozitamka mimi najua kama timu inanunua au inauza. Mwezi huu wote alikuwa anazitamka kama mtu anayeuza.

Sasa nikupe habari za Veikko Ruotsala, yule beki Mfini niliyekuandikia wakati wa Krismasi kwamba amepanga chumba changu cha chini. Ni mtu wa miaka thelathini na sita, meno ya mbele hana, mke na mabinti wamebaki kwao Oulu kwa ajili ya shule. Korongo walimpa mkataba wa mwaka mmoja, naye akakataa hoteli kwa sababu alitaka nyumba yenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Katika mji huu mzima nyumba ya kumfaa ilikuwa yangu tu. Nasikia kulikuwa na nyingine, lakini hizo hazina mtu wa kuzungumza naye.

Yeye si msemaji. Unaweza kumsimulia kisa kuanzia supu ya bitiruti mpaka chai, naye akajibu tu, “Ndiyo hivyo.” Lakini anasikiliza, dada. Tangu mke wangu Iris aende kuishi kwa dada yake mjini Regina sijapata mtu anayenisikiliza huku anatafuna.

Basi Machi ikaingia, na Machi ndiyo mwezi wa kufunga dirisha. Ikishafika saa yenyewe, timu haziruhusiwi tena kubadilishana wachezaji mpaka msimu uishe. Na juu ya hilo kuna kikomo cha mishahara, ambacho wasomi wanakifanya kigumu bure. Mimi nakieleza hivi: kumbuka ile sufuria kubwa ya mama, ya kupikia kabichi za kuviringisha siku za harusi. Ligi imezipa timu zote sufuria ya ukubwa uleule, tajiri kwa maskini. Ukitaka kutia kipande kingine cha nyama, toa kilichomo, maana mfuniko usipofunga ligi inakukatalia. Mchezaji akivunjika vibaya wanakuruhusu umweke kando ya sufuria mpaka apone, na hapo ndipo wajanja wanapopenyeza mwingine.

Kulikuwa na timu moja ya kusini kabisa, huko kwenye mitende na mamba, inataka beki mzee wa kuisaidia kwenye mtoano, na sufuria yake imejaa mpaka ukingoni. Bwana Desrosiers akawaambia wamchukue Ruotsala, na nusu ya mshahara wake tutaendelea kuulipa sisi. Ni kama kumpa mtu ng'ombe wako halafu uendelee kumnunulia majani. Na sisi tunapata nini? Zamu ya kuchagua kijana mwakani, ligi itakapowagawa chipukizi kwa timu, tena raundi ya nne. Kijana asiye na jina, dada! Sasa hivi yuko mahali fulani darasani anachorachora dawati, na kwa ajili yake tunamtoa mtu mzima anayeosha sahani yake mwenyewe.

Ila mkataba wa Veikko ulikuwa na kipengele kimoja: hauzwi bila kukubali mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, tukiwa tunakula chapati za viazi, aliweka uma chini akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aje. Alisema meneja amempigia simu na anataka jibu kesho yake asubuhi. Alisema miaka yote aliyocheza hajawahi kulibeba Kombe, na huko kusini huenda akalibeba. Lakini alisema pia kwamba amechoka kufunga mabegi, na kwamba mabinti zake walikuwa waje hapa Pasaka, wameshaona picha za nyumba. Kisha akaniuliza, “Metro, wewe ungependa nifanyeje?”

Sikiliza vizuri, dada. Hakuniuliza afanyeje. Aliniuliza mimi ningependa nini.

Nilikuwa na neno moja mdomoni, tena fupi. Lakini mdomo ulipofunguka ukawa ni ule mdomo wangu mwingine. Nikamwambia mwanaume halikatai Kombe. Nikamwambia asinihofie mimi, wapangaji wanapigana ngumi kwa ajili ya chumba kile, na mmoja wao ni rubani. Nikamwambia kabla hajaja nyumba hii haikuwa inapitisha Jumapili bila wageni, mpaka nikawa nawafukuza. Akasema, “Ndiyo hivyo.” Akamaliza chapati yake, akaosha sahani yake, akashuka chini kupiga simu Oulu.

Jumatatu niliamka nimeshaamua. Nitakwenda kwa Bwana Desrosiers mwenyewe, nimweleze kosa analolifanya, alivunje jambo lile kabla dirisha halijafungwa. Televisheni ilisema dirisha linafungwa saa tisa kwa saa za mashariki, yaani saa nane kwetu, kama ilivyokuwa majira yote ya baridi. Muda nilikuwa nao. Nikapita kwanza mgahawani kunywa kahawa, maana mtu haendi kwenye mazungumzo mazito na tumbo tupu.

Wally Prokop, yule mpeleka barua mstaafu mwenye ulimi, alianza kabla sijavua kofia. “Simameni jamani, meneja mkuu kaingia! Metro, leo umemuuza nani, mama mkwe?”

Nikamjibu kwamba mama mkwe hajapatikana mwenye sufuria ya kumtosha. Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wally akasema haya, kama kweli mimi ndiye mshauri wa timu, niwaambie Ruotsala anabaki au anakwenda. Nikasema anabaki, na natoka hapa kwenda kulimaliza. Akaangalia saa yake. “Basi kaka ungeanza kutembea, kwa sababu huko mashariki jana wame...”

Nikamkata. Nikamwambia asinifundishe mambo ya mashariki, mimi watu wa mashariki naongea nao kila wiki. Nikawaeleza wote upya habari za sufuria, polepole, na kila mtu akaelewa, na wawili wakaniomba nirudie. Halafu nikaenda nyumbani kupasha moto sufuria ya kabichi, kwa sababu Desrosiers ni mtu wa Quebec na watu wale ukiwapa chakula kizuri wanalainika.

Nilipanda ngazi za ofisini saa saba na nusu, sufuria mkononi, nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimewahi. Bwana Desrosiers alikuwa amelegeza tai, miguu iko juu ya meza, na wasaidizi wake wanakula piza kama watu waliotoka shambani. Aliponiona akasimama kwa heshima kunipokea. Sawa, alisimama kuipokea sufuria.

Nikamweleza yote bila kupumua. Kwamba beki kama yule hapatikani, kwamba vijana wanatulia wakimwona, kwamba kumlipia ng'ombe majani katika zizi la mwingine ni aibu kwa jimbo zima. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, “Metro, dirisha limefungwa saa saba.”

Nikamuuliza saa saba ya wapi? Wao tisa, sisi nane, tangu nizaliwe.

“Ni hivyo wakati wa baridi,” akasema. “Jana wenzetu wamesogeza saa mbele. Sisi huku hatusogezi.”

Dada, unajua sisi watu wa Saskatchewan tunavyojivunia jambo hilo. Nchi nzima inapanda juu ya viti kuhangaika na saa za ukutani, sisi tumekaa na saa zetu kama Mungu alivyoziacha. Mimi mwenyewe nimelitolea hotuba pale mgahawani, tena hotuba nzuri. Siku ile niliivua kofia mbele ya wale watu, nikaanza kuwapakulia kabichi.

Bwana Desrosiers akaniambia Veikko alikubali mapema, asubuhi. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba Veikko alisema mwenye nyumba wake amempa ushauri mzuri.

Nilipofika nyumbani mabegi yalikuwa yameshapangwa mlangoni. Nikampeleka uwanja wa ndege kwa pikapu. Njiani nilimsimulia jinsi nilivyowahi kuendesha gari kutoka hapa mpaka Moose Jaw bila breki, naye akasikiliza mpaka mwisho, ingawa alishakisikia kisa hicho. Pale mlangoni alinipa mkono. Akasema, “Asante, Metro. Mwambie yule rubani kitasa cha sauna ni kigumu kidogo, akisukume kwa bega.” Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Tangu hapo nyumba imekuwa kimya sana. Juzi nilianza kisa mezani, kizuri kweli, kuhusu dubu na padre, nikafika katikati nikanyamaza, kwa sababu nilijua mwisho wake.

Sasa nakuambia jambo ambalo likitoka nje ya jikoni mwako mimi nahamia Alaska. Sikupanda zile ngazi kwa ajili ya timu. Wewe peke yako unakumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na pea moja tu ya viatu vya kutelezea barafuni, vikawa vyako, na siku ulipoviacha miguu yangu ilikuwa imeshavipita. Baadaye niliona aibu kuanza. Miaka yote hii nalainisha barafu ya watu nikiwa nimekaa juu ya gari. Veikko aligundua mwezi wa Novemba, aliponiona navuka uwanja kwa miguu huku nimeshikilia ukuta kama mlevi. Hakucheka. Kesho yake alinichukua mpaka bwawa lililo nyuma ya kiwanda cha zamani cha maziwa, mahali wasipofika watu, akaniwekea kiti cha jikoni mbele nikisukume, kama wanavyofundishwa watoto wa hapa wenye miaka minne. Asubuhi nyingi tulikuwa kule. Yeye anateleza kinyumenyume mbele yangu, mikono mgongoni, anasema, “Magoti, Metro, magoti.” Mwezi uliopita nikaachia kiti.

Jana nilikwenda peke yangu. Nikateleza vizuri, Slavka, ungeniona ungepiga makofi, bwawa zima toka upande huu mpaka ule. Ila kujisimamisha ndilo somo alilotaka kunifundisha wiki hii. Nikaingia moja kwa moja kwenye matete nikakalia makalio yangu. Nikakaa humo muda mrefu nikilitazama bwawa, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumdanganya kwamba nilikusudia.

Nisalimie shemeji, na mgongo wake aukande kwa mafuta ya moto. Wapwa zangu waambie mjomba wao ana shughuli nyingi na mambo ya ligi. Hilo la matete usiwaambie.

Ni mimi mdogo wako,
Metro Hawryluk