Baba Anataka Kumfuata Mama Dongobesh

Nakwa,
Babati.
12 Mei 2025

Mpendwa kaka Severine,

Shikamoo. Vipi hali yako na hiyo baridi ya Iringa? Shemeji Anjela na watoto hawajambo? Mimi kifua kimepona, mahindi yamebeba vizuri, na Baba katoka hospitali tangu Jumatano. Kidonda cha upasuaji kimefunga. Ningesema namshukuru Mungu nikaishia hapo, ila sina amani hata kidogo.

Kaka, wiki ya nne sasa tangu tumzike Mama, na Baba bado hajui.

Sikupigii simu kwa sababu anakaa nayo yeye. Ikilia tu, anauliza kama ni Mama. Nimemwambia yuko Dongobesh anamuuguza mama mdogo Coletha, kama tulivyokubaliana siku ya mazishi ili asishtuke na kidonda kibichi. Ulisema wewe ndiye mtoto wa kwanza, habari hiyo ni yako kuisema, utarudi akipata nguvu. Haya, nguvu kapata. Uko wapi?

Na hiyo Dongobesh! Hivi tulifikiria nini? Umesahau mwaka ule Mama alipokwenda huko kwa wiki moja tu, na siku ya nne Baba akaona nyumba haikaliki, akamfuata kwa miguu? Akarudi naye, kajitwisha kapu la mkewe, watu wanamcheka njia nzima. Hakujali. Macho ya Mama yalipofifia, ni Baba aliyekuwa anamtungia uzi kwenye sindano. Na Mama hakuwahi kugusa chakula Baba akiwa bado shambani. Miaka arobaini na saba, kaka!

Sasa kaniambia nimpigie shati pasi, Jumamosi anaondoka kumfuata. Nikasema angoje mvua ipungue. Kaanza kusugua viatu vyake.

Kinachonitisha zaidi ni kaburi. Tulimzika Mama kule Bonga, kwa mjomba, ili Baba akirudi asilikute nyumbani. Jana kanichukua hadi nyuma ya migomba, pale yeye na Mama walipochagua kuzikwa pamoja, akaanza kung'oa majani polepole. Nikakimbilia jikoni kulia. Tutamwambia nini, kwamba tulimficha mkewe hadi kaburi? Wazo lilikuwa lako, nami nikakubali. Tumemkosea jamani.

Barua hii nampa Muzamil, yule dereva wa lori la vitunguu, atakufikishia kesho. Jumatano panda basi. Mimi nimejaribu mara mbili kumwambia, mdomo unakataa.

Wasalimie sana shemeji na watoto, John na Xaveria. Mungu awalinde, akusafirishe salama.

Baba kapita hapa sasa hivi, kaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Msalimie. Mwambie aje, asiniogope."

Dada yako akupendaye, anayekungoja kwa hofu,
Redempta