Kwa Kapteni Farquhar Dalgarno, Aliyekuwa Yadi Arobaini Kutoka Langoni

Mwaka umetimia leo, Farquhar, tangu saa mbili na dakika ishirini asubuhi ulipoanguka jikoni, bakuli la uji wa oti mkononi. Ulikuwa umesimama, kama ulivyokula siku zote.

Wema wako tunautaja, kwa kuwa ni kweli. Wewe mhandisi wa jeshi ulitujengea daraja la Inverlaw bila malipo, na mafuriko hayajang'oa jiwe hata moja. Ulipima kila kitu, hata nafasi kati ya kabichi, ukaandika siku hiyohiyo.

Kila Jumapili ulivaa nishani ya ushujaa, uliyopewa kwa kulipua lango la ngome katika vita vya Krimea. Shemeji yako Lachlan Petrie, mume wa dada yako Isobel, hakurudi kutoka vita hivyo. Ulisema alikimbia. Kwa neno lako jina lake halikuchongwa kwenye ukuta wa kanisa pamoja na waliokufa, na mwanawe Magnus alikua akiitwa mtoto wa mtoro.

"Mwanangu hakuwahi kumkimbia hata fahali," Bibi Elspet, mama yake Lachlan, alikuambia mezani.

"Fahali hana mizinga, mama," ulimjibu, ukaomba chumvi.

Kwenye mazishi yako, kamba ya kuteremshia jeneza upande wa kichwani ilikuwa ya kushikwa na Magnus, mwanamume pekee wa ukoo. Alikunja mikono.

"Ishike, kijana, watu wanatazama," mchungaji alimnong'oneza.

"Watazame tu. Si mmesema sisi ni watu wa kukimbia?"

Kamba ilishikwa na mchimba kaburi.

Wiki iliyofuata Isobel alifungua sanduku lako la vitani, akakuta daftari. Mwandiko ni wako, tarehe ni ya siku lango lilipolipuliwa: "Petrie amefikisha baruti langoni. Amewasha utambi mwenyewe. Hakutoka. Mimi handakini, yadi arobaini." Watu uliwadanganya miaka ishirini na mitatu. Daftari hukulidanganya.

Tulipoomba jina la Lachlan lichongwe, wazee wa kanisa walibisha miezi kumi. "Marehemu hawezi kujitetea," mmoja alisema.

"Na wangu aliweza?" Bibi Elspet alimuuliza.

Hatujakusamehe. Wala hatutakusahau kamwe, sisi dada yako Isobel, mpwa wako Magnus, na Elspet Petrie.

Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, fundi mawe alimaliza kuchonga jina la Lachlan ukutani. Bibi Elspet, ambaye haoni tena, alilisoma kwa vidole.