Kamba ya Nsimire yenye balifua

Nsimire yangu,

Mi nasema, Furaha mujukuu yangu anaandika. Unajua mi sikukanyaga ku masomo hata siku moja. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu. Nikisema mubaya, aandike mubaya.

Nimechoka, rafiki. Njo neno ya kwanza. Tangu ulienda, naamuka nimeshachoka. Mvua ya mwaka hii ilikuwa kali huku Kasha, ikabeba udongo na ukuta ya nyuma ya kanisa, upande ya sakristia. Ukuta yetu. Yale mawe tulipandishaka na mugongo tokea chini ku ziwa, siku za salongo, ile kazi ya bote ya bure, tungali na meno yote. Sasa kuko tundu kubwa, upepo inaingia mpaka ku altare. Ku benchi penye tulikaaka, naweka kitenge pahali yako juu mutu asikae. Banakaa tu.

Lakini barua hii iko ya kamba yako.

Kisha matanga, batoto yako baligawana sahani, viti na redio. Mi niliomba ile mugozi yako tu, kamba ya kubebea. Zawadi wako alinicheka, akauliza itanisaidia nini. Nikaibeba tu. Ilikuwa na ile pahali nyeusi katikati, penye paji ya uso yako ilikaaka. Ulipakaaka mawese pale juu kamba isikuume, na jasho ikachanganyika nayo miaka yote. Niliitundika ku musumari, karibu na kitanda. Siku zenye moyo ilikuwa mubaya, niliivuta nikainusa. Ilikuwa wewe kabisa. Mawese, moshi, na jasho ya mutu mukaidi.

Sasa kartie yetu, mutaa nzima, ikafanya festivali ya historia. Masomo, soko, Baprotestanti na siye ba parokia, kila mutu aonyeshe penye alitokea. Padiri akatangaza ku misa kama parokia itaweka meza mu kanisa, na vitu vya bale balijenga. Prezida wa shirika yetu akakuja kwangu direkte. Nikamwambia hapana. Akarudia. Nikamwambia hapana tena, nikamupa chai. Kisha padiri mwenyewe akapanda huku, ule mupya, bado hana hata ndevu. Akasema jina yako itaandikwa chini ya kamba, kubwa, na batu ba mbali, ba Walungu na ba Katana, batasoma. Hapo nikalegea. Jina yako haijaandikwaka popote, ila ku musalaba yako, na mvua ilishakula ile rangi.

Nikaitoa.

Asubui ya festivali nafika ku kanisa na kitenge yangu ya Pasaka. Naangalia ku meza. Foto za bapadiri ba zamani, kengele yenye ilipasuka, mwiko ya mufundi. Na kamba moja nyeupe, imenyooka kama nguo ya komunyo. Nikatafuta yako, sikuiona. Nikauliza. Mama Vumilia, ule anafuaka nguo za altare, akanijibu na furaha yote: "Njo hiyo, mama. Nimeifua na sabuni, nikaianika, nikaipiga pasi. Haiwezi kuingia mu nyumba ya Mungu chafu vile."

Unamujua Vumilia. Anafua kila kitu. Sanamu ya mutakatifu Yosefu ikishuka tu pale juu, ataitia mu beseni. Hana roho mubaya. Alizani anakuheshimu. Nikainua kamba ku pua. Sabuni. Hakuna kitu ingine, Nsimire. Sabuni tu.

Nikamwambia neno moja, polepole: "Nsimire tulishamuosha, Vumilia. Mi na bamama benzangu, siku ile alikufa. Nani alikutuma umuoshe tena?"

Macho yake ikajaa maji. Mi sikulia. Kulia kunaomba nguvu.

Nikakaa ku kiti pembeni ya meza, nikaacha batu bapite. Mama mumoja wa Katana akashika kamba, akauliza kama tunaiuzisha, juu anaona iko mupya. Mupya! Kisha padiri akakuja kusema eti festivali ikiisha ataiweka mu sanduku ya kioo, mu sakristia, ikae milele. Akaniomba niivae ku uso, bapige foto, batu baone vile bamama balibebaka.

Nikamwambia: "Mon père, mi siko sanamu. Kama munataka kuona, mulete muzigo."

Alizani nacheka. Nikaikamata pale ku meza, nikatoka nayo inje. Ku barabara kuko chungu ya muchanga ya kutengeneza ukuta, inalala pale tangu mvua, inangoja mikono ya batu. Nikatia muchanga mu mufuko, kidogo, ya mubibi. Nikafunga kamba. Nikainama.

Na hapo njo nilikukosa kabisa. Mutu hawezi kujipandishia muzigo ku mugongo, na miaka yote ni wewe ulinipandishiaka. Sasa nimeinama pale kama mbuzi, batu ba festivali banasimama kuniangalia, kamba ku uso, na wewe hauko.

Mikono ikanyanyua mufuko. Nikazani ni Furaha. Ilikuwa Vumilia, na gauni yake ya fete. Akanipandishia, akanisukuma kidogo matakoni vile ulifanyaka, nikaenda.

Mpaka ku ukuta siyo mbali, lakini niliona nyota. Katikati ya njia nikasikia vile ulisemaka pale ku kona, mi nikitaka kukimbia: "Shusha kwanza. Mungu haiko na haraka." Nikashusha. Nikapumua. Nikageuka. Nyuma yangu kuko bamama, na mabeseni, na masufuria za chakula ya bageni, zote muchanga tu. Padiri naye alibeba. Mubaya sana, nusu ilimwangika njiani.

Ukuta haijaisha. Mugongo yangu inanitukana tangu siku ile. Kamba nilirudi nayo, na padiri hakuthubutu kuniuliza. Iko ku musumari. Katikati kuko alama kidogo, lakini ni jasho yangu. Nikiinusa nasikia mimi mwenyewe, mubibi ananuka. Yako ilienda na maji. Vumilia aliniambia maji ile ya kufulia aliimwanga nyuma ya sakristia, palepale penye ukuta ilianguka. Aliogopa kusema. Nikamushika mukono. Basi uko mule mu udongo, chini ya mawe yako.

Kamba haitaingia mu kioo. Siku za salongo, nguvu ikiwako, nitashuka ku muchanga na mufuko yangu kidogo, mpaka ukuta isimame. Nikikufa, Furaha anajua: amupe Vumilia, na Vumilia asiifue.

Lala, mukaidi yangu. Wewe ulishashusha. Mi ningali ku mulima, napanda polepole. Nikifika, ukuje unipokee muzigo.

Ni mimi, Mama Bahati