Kitanda Chenye Magurudumu

Jumapili, Gitega. Manyunyu ya alfajiri yamekatika, jua limetoka, udongo unanukia vizuri. Nimekaa kwenye kibaraza naandika kwa simu, maana nisipoandika sasa hivi nitapasuka kwa furaha.

Jana usiku mimi nililala kwenye kitanda cha shangazi yangu, na shangazi alilala kwenye gari.

Ngoja nianze mwanzo.

Rafiki yangu Bahati ni Mkongo wa Uvira. Yeye na mkewe Furaha wanauza vitenge sokoni Muyinga. Alikuwa anatafuta gari la kubebea mzigo, akaagiza basi dogo, moja ya yale yaliyokwisha kutumika Japani, likaja kupitia Dar mpaka Kobero. Alipofungua mlango wa nyuma pale mpakani akakuta kitanda, sinki, jiko la gesi na mapazia ya maua. Wabeba mizigo walicheka mpaka wakakaa chini. Wabadilisha fedha nao waliacha biashara zao wakaja kuchungulia.

Bahati alitaka kung'oa kila kitu siku ileile. Furaha akasimama mbele ya mlango. "Mi niko muke ya mucuruzi ya vitenge miaka yote hii, vacances ya kupumuzika sijaona hata moja. Tutaenda kutembea kwanza, kisha utang'oa."

Mimi nilikuwepo, nikajialika. Bahati alipendekeza Bujumbura, tukaone ziwa. Nikamwomba twende Gitega. Nilisema nataka kuona mji mkuu, na ni kweli, lakini si kweli yote.

Ukweli wenyewe ni shangazi. Shangazi Anjelina ni dada wa marehemu baba, anaishi pembeni mwa Gitega, na nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, baba akafia hukohuko, na tuliporudi Burundi tulifikia kwao mama, Giteranyi. Upande wa baba amebaki yeye peke yake. Kwenye simu alikuwa ananijibu kwa adabu sana, kama mtu anayejibu mteja, na kila tukikata simu nilibaki na unyonge ambao sikumwambia mtu.

Nilitaka aniite mwanangu. Ndiyo hivyo, nimeshasema.

Na kwa kuwa niliogopa, nililipenda lile gari kupita kiasi. Nilijiambia kwamba akinipokea vizuri, sawa, na asiponipokea, basi nina kitanda changu nje na sitamsumbua mtu.

Safari yenyewe ilikuwa raha tupu! Tulipita Karuzi, tukaegesha kando ya barabara na kuchemsha chai mlemle ndani, tukainywa pazia likiwa wazi ili wapita njia watuone vizuri. Watu wa baiskeli walisimama kabisa kututazama. Furaha aliwapungia mkono kama waziri.

Gitega tuliingia mchana. Mimi ni mtu wa shamba na sioni aibu kusema nilishangaa: lami pana, mizunguko yenye maua, majengo ya serikali yanayochipuka kila upande. Makumbushoni tuliangalia mikuki, vyungu na vikapu vya zamani, nikasimama mbele ya ngoma moja kuukuu mpaka Furaha akanivuta mkono. Sokoni yeye alipapasa kila kitenge na kukikosoa kimoyomoyo, nilimwona mdomo unavyomcheza. Bahati akajifanya mjuzi. "Hii mi naita centre, kamji tu, si ville. Ungeona Bukavu!" Lakini hakuna mzunguko hata mmoja aliouacha bila kupiga picha.

Jioni tukafika kwa shangazi.

Ni mfupi, mnene kidogo, na ana sauti ya mtu aliyeuza sokoni maisha yake yote. Alinikumbatia kwa salamu ile ndefu ya kwetu, anakupapasa mikono huku anauliza habari za kila mtu mliyemwacha nyumbani. Kisha akanishika mabega akanitazama. "Yoo! Hii paji la uso ni ya Zakariya." Zakariya ndiye baba. Machozi yalinilenga, nikacheka ili nisilie.

Akatupikia ndizi, maharage na mboga za lengalenga. Tulikula tukashiba. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilimwambia, kwa sauti yangu nzuri ya Kitanzania, "Shangazi, usihangaike na malazi. Sisi tutalala kwenye gari."

Aliweka sahani chini. "Nani alikwambia kama mu nyumba yangu iko kunguni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bahati, masikini, alidhani ataokoa jahazi kwa kumwonyesha gari. Akafungua bomba la sinki, akawasha taa, akapigapiga godoro. Shangazi alipanda, akashika pazia, akatazama magurudumu. Hakutabasamu hata kidogo.

"Donc ni kitanda ya kukimbia nayo," akasema, akashuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Furaha alinifinya mkono mpaka ukauma. Nilikuwa nawaza kwamba nimesafiri njia yote hiyo kuja kumpata mtu, na nimempoteza kabla chakula hakijashuka tumboni.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi katoka na blanketi lake na mto wake. "Ninyi mutalala mu nyumba. Mi nitalala mu gari."

Tulimsihi sote watatu. Tulimwambia ni aibu, mwenye nyumba hawezi kulala nje. Alinyoosha tu kiganja mbele ya Bahati. "Lete clé." Bahati akampa ufunguo, naye shangazi akapanda garini akajifungia. Furaha akaninong'oneza kwamba mama naye anataka vacances zake, tukacheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Asubuhi hii nilimpelekea chai. Nilimkuta ameketi kitandani, pazia limefunguliwa, na ufunguo wa gari ameufunga kwenye pindo la kitenge. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Baba yako alikuja hapa wakati wa vita. Nilimutandikia mu nyumba, akakatala. Akasema hataki kunisumbua, atalala kibarazani. Mi nikalala. Asubuhi nakuta mukeka tu."

Kibaraza chenyewe ndicho hiki nilichokalia sasa.

Alikunywa chai kidogo. "Sikumuona tena. Jana unasema utalala nje, nikaona mukeka. Nikasema oya, hapana, huyu hataondoka mi nikiwa nimelala. Mukitaka kwenda, mutaniamusha kwanza."

Nililia. Naye alilia. Chai ikapoa, tukaichemsha upya kwenye jiko la Mjapani.

Sasa habari zimebadilika kabisa. Tunakwenda Gishora kusikiliza ngoma, na shangazi anakuja. Miaka yote hii yuko hapahapa Gitega na hajawahi kufika, anasema hakuwa na mtu wa kwenda naye. Amevaa kitenge kipya, amekaa kiti cha mbele, Furaha amehamishiwa nyuma na ameridhika. Nimemsikia Bahati akimwambia mkewe kwamba kitanda labda kisubiri kidogo kung'olewa. Na mimi najiuliza: huu woga wa kukaribia watu huku nimeshika mlango, tayari kukimbia, nimeurithi kwa nani, na nitauacha lini?

Bahati amesimama dirishani kwa shangazi, anaomba ufunguo. "Mama, tupe clé basi, jua inapanda!"

Shangazi hata hajageuza kichwa. "Ngoja kidogo. Mwanangu iko anaandika."

Nitaandika polepole.