Mtoto wa Pichani Uliyemsifu

Kwako mama, uliyelala Muheza,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa mezani, nikasubiri kidogo, kisha nikajiona mjinga nikashika kalamu. Mjukuu wako Neema ameenda kuogelea na wenzake wa kanisani, baba yake yuko barabarani na lori lake huko Dakota, na mimi leo sina zamu. Ningepaswa kulala. Nimechoka, mama, nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini jana nilirudi kule makumbusho kumwona yule mtoto wako wa Kifaransa, na tangu hapo sina raha mpaka nikueleze.

Unakumbuka tulivyoanza kwenda? Ulikuwa bado mgeni hapa Oakdale, theluji imefunika magari, nawe umevaa soksi juu ya soksi, umejikunyata kwenye kochi unalalamika kwamba nimekuleta kukufungia kwenye friji. Sikuwa na pa kukupeleka. Madukani ulikataa, ulisema huwezi kushinda unatembea ukitazama vitu usivyonunua. Mwenzangu mmoja kazini ndiye aliyeniambia kuwa Minneapolis kuna makumbusho ya sanaa, kuingia ni bure na ndani kuna joto. Bure na joto, nani atakataa? Ikawa ndiyo safari yetu ya Jumapili baada ya ibada, wewe na kitenge chako juu ya koti, Neema anakimbia mbele, mimi nyuma natafuta benchi.

Picha nyingi ulizipita tu. Wale wanaume wenye mawigi ulisema wamekaa kama mahakimu wenye njaa. Halafu siku moja ukasimama. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, ya msichana mdogo wa umri aliokuwa nao Neema wakati ule, iliyochorwa Ufaransa enzi za bibi wa bibi zetu. Amevaa gauni la hariri lenye rangi ya maziwa, lesi mikononi, utepe wa buluu kichwani, na amembana paka kifuani mpaka miguu ya nyuma ya paka inaning'inia. Ulianza na gauni, maana ulikula kwa cherehani maisha yako yote. Ukasema aliyekata kitambaa kile hakuwa mwanafunzi. Kisha ukahamia kwa paka. "Muone," ukaniambia, "amechoka kama wewe. Anataka kushuka, ila anamwonea huruma mtoto." Nikacheka, nikajikalia zangu kwenye benchi.

Ndipo ukamtazama mtoto mwenyewe, ukasema polepole, "Mtoto mzuri huyu. Mzuri jamani. Hebu tazama macho yake. Tazama mashavu."

Mama, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwako. Mimi uliniita Kabaya mpaka naolewa. Nikishika namba ya kwanza darasani, unasema, "Kabaya na kichwa chake kikubwa." Nikivaa gauni la Krismasi ulilonishonea mwenyewe, jirani akifungua mdomo tu kunisifu, unamkatiza: "Achana naye, mbaya tu huyo," halafu unanisukuma ndani. Wenzangu walikuwa na picha zao za utotoni ukutani. Mimi picha yangu ya kwanza ni ya kitambulisho cha sekondari. Nilikua nikijua kwamba sina sura, na kwamba hata mama yangu ameliona hilo. Baadaye nilikuja kufahamu kuwa watu huwaita watoto wao hivyo ili wasitupiwe jicho baya. Sawa, nilifahamu. Lakini kufahamu ukubwani hakukufuta nilichokisikia nikiwa mdogo. Na sasa umevuka bahari kuja kummwagia sifa mtoto wa watu, tena wa rangi tu, wa ukutani. Niliona wivu, mama. Mtu mzima mimi, mke wa mtu, namwonea wivu mtoto wa kwenye fremu.

Na Neema naye ulikuwa umeshamwanza. "Njoo, Kabaya kangu." "Kabaya kameshiba?" Yule Kiswahili anakielewa chote, ingawa anajibu Kiingereza, na kumbe alikuwa anakipeleka shuleni. Nilipigiwa simu nikiwa kazini Maple Grove, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, namlisha mzee mmoja uji: mtoto amesema bibi yake humwita mbaya kila siku, je, nyumbani kuna tatizo? Nikaenda na sare yangu ya kazi, nikakaa kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamegusa kidevu, nikaanza kueleza. Jaribu wewe kumweleza mwalimu wa Minnesota kwamba mtoto mzuri huitwa mbaya ili aachwe salama. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akashauri tumwambie mtoto maneno ya kumjenga. Nikarudi nyumbani nikakupandishia sauti. Uliendelea kukata mchicha. "Mimi siwezi," ukasema. "Kamwambie wewe." Nami nikavaa viatu kwenda kazi ya jioni.

Jumapili iliyofuata Neema akaja kusimama kati yako na ile picha, mikono kiunoni. "Bibi, why is she pretty and I'm not?"

Ukanigeukia. "Anasemaje?"

Sikuwa na nguvu ya kukutafsiria, mama, kwamba anauliza mbona yule ni mzuri na yeye siye. Nilikuwa nimetoka zamuni moja kwa moja, macho yananiwasha. Nikakwambia anataka kwenda chooni, nikamshika mkono nikampeleka.

Tuliporudi tulikukuta na mlinzi mmoja wa ukumbi. Kumbe ulikuwa umenyoosha kidole karibu uguse shavu la mtoto wa pichani. "Mama, rudiya nyuma kidogo, tafazali," alikuwa anakwambia. "Ukikaribiya sana, alarme italiya."

Wewe hukujali king'ora. Ulipiga makofi kwa furaha. "Kumbe wewe wa kwetu!"

"Ndiyo mama, miye ni wa Uvira." Alikuwa kijana wa Kikongo, mpole, tai yake imekaa upande. "Kila dimanche, kila Jumapili, niko naona munakuya hapa tu. Ule mutoto anafanana na mutoto wenu?"

Nikasimama nyuma ya nguzo. Sikukusudia kusikiliza.

"Hafanani na wangu hata kidogo," ukamwambia. "Ila huyu naweza kumsifu. Alishakufa zamani, baba, hakuna wa kumchukua tena. Wangu wa kwanza, Salome, nilimsifu kupita kiasi. Nilimshonea, nikampitisha mtaa mzima, kila mlango wanasema mzuri, na mimi naitikia, ndiyo, mzuri. Surua ikaja. Hakufika hata umri wa huyu."

"Eeh, pole sana mama."

"Aliyefuata nikasema huyu sifungui mdomo. Nimeufunga mpaka leo, na si unamwona? Yupo hai. Ana kazi, ana mume, ana mtoto. Sasa niufungue nije kuambiwa nini? Nikizidiwa nakuja hapa, namwambia huyu."

Mkono wa Neema ulikuwa bado na maji ya kunawa, nikaubana mpaka akajinasua. Salome nilimjua kama jina la kwenye sala zako tu. Ulilitaja baada ya babu na kabla ya "amina". Sikujua kwamba nilikuwa nimeishi chini ya kimya alichokiacha. Nilitamani nitoke nyuma ya ile nguzo nikwambie, mama, nimesikia, sasa niambie mimi. Badala yake nikakohoa, ukageuka, ukaniuliza kama tumepata choo. Njiani tukazungumzia barabara inavyoteleza. Na theluji ilipoanza kuwa mvua, ukasema umechoka na nchi isiyo na majani, ukarudi zako Muheza.

Nilijipa moyo kwamba nitakuuliza nikija nyumbani. Nilitaka uniite mzuri mara moja tu, hata kwa hasira, hata kwa kuninong'oneza jikoni. Lakini karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinasubiri, nikitoka sirudi, na wewe hukusubiri karatasi. Nilikuzika kwa simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini. Aliyeshika simu huko alikuwa analia, nikawa naona kaburi, mara miguu ya watu, mara mbingu. Mchungaji akasema umeacha binti mwema. Nikawaza, huyo mchungaji kanijulia wapi? Kisha muda wa mapumziko ukaisha, nikafuta uso, nikaingia kumbadilisha mzee nguo. Tangu siku hiyo nafanya kazi tu, mama. Nikiulizwa hali nasema nzuri, kisha naketi mahali popote penye kiti.

Jana ndiyo nikampeleka Neema tena. Ameshampita umri yule mtoto wa pichani, miguu mirefu, meno ya mbele yameota makubwa kama yako. Mlinzi alikuwa mwingine, mama mmoja mzungu aliyetutabasamia tu. Paka bado ananing'inia. Nilienda kwenye benchi langu kama kawaida, nikafumba macho, na nilipofumbua nikamwona Neema amesimama mbele yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hata maji ya kunywa anayaomba kwa Kiingereza, alikuwa ameyapanga maneno kichwani moja moja.

"Mama, Bibi alisema mimi mbaya. Ni kweli?"

Ningeweza kumweleza habari za jicho, na za Salome, na za surua. Nilikuwa nimechoka mno kueleza. Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikasema, "Wewe ni mzuri. Mzuri sana. Bibi yako alijua, na mimi najua." Akanitazama kuona kama natania, kisha akatabasamu lile tabasamu lote, akaondoka anarukaruka kuelekea chumba kingine kana kwamba si kitu.

Nikabaki kwenye benchi. Mama, sikujua kwamba sentensi fupi hivyo inaweza kumtisha mtu. Nilitamani kuirudisha kinywani. Niligeuka kutazama kama kuna aliyesikia.

Tukaingia garini. Nikawasha joto, na kabla hatujafika mbali akasinzia kiti cha nyuma, kichwa kimeangukia dirishani. Nikawa naendesha huku macho yangu yako zaidi kwenye kioo kuliko barabarani. Natazama koti lake kama linapanda na kushuka, na lile koti la baridi ni nene, halioneshi kitu. Nikajiambia acha upuuzi wewe, mtoto kalala. Nikajiambia tena. Taa nyekundu ya kuingilia kwetu iliponisimamisha, nikanyoosha mkono nyuma nikamtikisa, nikamtikisa kwa nguvu, mpaka akaamka akaanza kulia kwa hasira.

Alivyokuwa analia, mama, sikuwahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nyuma wananipigia honi, taa imeshakuwa ya kijani, na mimi nimeegemea usukani nakuita wewe. Uliwezaje? Mimi neno hilo nimelisema mara moja tu nikashindwa kuendesha gari, nawe ulilimeza kila siku, maisha yangu yote, kila nilipotoka mlangoni.

Pumzika sasa. Huna tena wa kumlinda.

Ni mimi mwanao,
ambaye bado yuko hai.