Mtihani wa Kumwogesha Mama Nakiru

Kakuma, Jumapili, tumetoka kanisani

Dada yangu Mkawasi,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya miguu yangu yote miwili, natangaza kifo cha kandambili yangu ya kushoto, kilichotokea ghafla mjini Lodwar, mbele ya lango la hosteli, asubuhi ya mtihani. Marehemu alikuwa ameshonwa mara tatu kwa waya. Ameacha mjane mmoja, kandambili wa kulia, ambaye hadi leo hajapata wa kumwoa. Mazishi yalisimamiwa na mbuzi, ambaye alimla.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo huko milimani? Ukungu bado unaingia hadi jikoni? Mama anakula, au bado anaficha ugali chini ya mto? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Si uchovu wa kuugua. Ni ule wa kuketi kitandani umevaa soksi moja na kusahau ya pili ni ya mguu upi. Jua la huku huniamsha kama lina deni na mimi. Nikilala, mgongo unaanza kunihoji.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza: "Sasa wewe mwenye cheti, wewe uliyesomea, nifanyeje na Mama? Siku ya kuogeshwa hataki kuvuliwa kilemba, ananipiga mikono." Nitakujibu. Ila niache nizunguke kwanza, unanijua.

Unakumbuka haya yalivyoanza. Miaka kumi na saba nimekuwa katika zahanati hii nikiogesha wagonjwa, nikiwageuza, nikiwalisha, nikisafisha vidonda, na kila mtu ananiita sista. Nilikuwa na kila kitu cha usista isipokuwa karatasi. Halafu ikaja barua ofisini, Kiingereza kigumu kama mkate wa juzi: asiye na cheti asimguse mgonjwa. Sisi wenye uzoefu tungepewa kozi fupi Lodwar, kisha mtihani wa vitendo. Ukipita, unabaki kazini. Ukianguka, unaambiwa asante. Dada, nina miaka hamsini na mmoja. Nikiambiwa asante, nianze wapi? Niuze mandazi? Mandazi yangu unayajua. Hata Shali, mwanangu wa kumzaa, huyala kwa heshima tu.

Basi tukaenda, mimi na Achol. Achol ni mwenzangu wa zamu, Msudani Kusini, mrefu kama nguzo ya stima, amekaa katika kambi ya wakimbizi ya hapa tangu akiwa msichana. Tulikaa nyuma ya darasa tukiazimana miwani moja. Akisoma yeye, mimi naangalia ukungu. Nikisoma mimi, yeye anasinzia. Mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi bado nanakili kichwa cha somo.

Siku moja wakaleta mwanasesere wa plastiki, mkubwa kama mtu, amelala kitandani mdomo wazi, tumfanyie mazoezi ya kuogesha. Zamu yangu ikafika. Nikasogea, nikamshika mkono, nikamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok, mama? Umeamkaje? Mimi naitwa Wakesho. Nataka kukuosha, utaniruhusu?"

Halafu nikangoja. Dada, nilingoja kweli kweli. Mazoea ni kitu kibaya.

Achol akasema kwa sauti ya darasa zima, "Mama Shali, huyo akikujibu, mimi nakimbia mpaka Juba kwa miguu!" Watu wakagongana vichwa kwa kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Akasema, "Andikeni hiyo. Anauliza, halafu anangoja jibu." Siku ile nilitembea kama profesa, na kandambili yangu marehemu ikilia chap, chap.

Na mtihani nimepita. Hilo mnalijua, vigelegele vyenu nilivisikia kwenye simu, na nimeambiwa jogoo wa watu alichinjwa kwa ajili yangu. Nisalimie Mama, mwambie mguu wake nitaukanda mwenyewe nikija. Nisalimie shemeji Mwakio na kikohozi chake, mwambie sigara haijawahi kuwa dawa. Nisalimie shangazi aliyetulea, na mchungaji aliyetangaza jina langu kanisani bila kuniuliza.

Hapo juu nilikuwa nimemaliza. Nilishaandika jina langu chini, nikakunja karatasi, nikampelekea mwalimu wa huku anayesafiri kwenda pande zenu. Nimerudi kumnyang'anya. Jina nimelikata. Swali lako nilikuwa nimelikwepa, na siwezi kulijibu kabla sijakuambia ilivyokuwa.

Mtihani ulifanyiwa wadini, kwa wagonjwa wa kweli waliokubali. Wangu alikuwa Mama Nakiru, bibi wa Kiturkana aliyevunjika paja. Shingoni alikuwa na shanga zake, mzingo juu ya mzingo, kutoka mabegani hadi chini ya kidevu. Wanawake wa huku huzivaa tangu ujana, na hawazivui ovyo. Mke wa mtu akionekana shingo tupu, watu huuliza mumewe amekufa lini. Hilo nalijua kuliko ninavyojua kusoma. Mgonjwa wa namna hiyo unamwosha nazo: unainua mizingo michache, unapitisha kitambaa kilichokamuliwa, unakausha, unashusha, unakwenda kwa mingine. Ni kazi ya subira. Achol nilimfundisha mimi.

Mtahini alikuwa mama mmoja mpole, kalamu moja mkononi na nyingine kwenye nywele. Fomu yake nilikuwa nimeikariri. Mstari wa nne ulisema: ondoa mapambo yote ya mgonjwa, yaweke mahali salama.

Ningependa kukuambia viatu ndivyo vilivyonichanganya, maana nilikuwa nimeazima vya Achol, na Achol ni mrefu wa kila kitu isipokuwa nyayo. Si viatu. Nilimsalimia Mama Nakiru, ndiyo, lakini kwa sauti ya kusikiwa na mtahini. Ruhusa niliomba vidole vyangu vikiwa tayari kwenye fundo la kamba ya shanga.

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa mwepesi, hauna nguvu hata ya kufukuza nzi. Akasema kwa Kiturkana, taratibu, kama anayemwambia mtoto: "Mume wangu yuko pale nje." Kiturkana changu ni cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa lote. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ni kidogo tu." Nikafungua.

Ngozi ya shingo yake ilikuwa ya rangi nyingine, laini, yenye mistari, kama ya mtoto aliyetolewa nguo. Nilimwosha vizuri sana. Sikuwahi kumwosha mtu vizuri hivyo. Yeye alitazama dari hadi mwisho.

Nilikuwa namwaga maji ya beseni wageni waliporuhusiwa kuingia. Mumewe akaja na fimbo yake na kile kigoda kidogo cha mbao wanachotembea nacho wazee. Akasimama miguuni pa kitanda. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Sista. Nani alikufa?"

"Hakuna, mzee. Hakuna aliyekufa."

"Iko mtu amekufa. Angalia yeye." Akajipapasa kifua, akajishika na pua. "Ni mimi? Niambie, nirudi nyumbani nizikwe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mzee naye karibu acheke. Mama Nakiru hakucheka. Alikuwa amevuta shuka hadi kidevuni. Nikachukua shanga nimrudishie, akageuza uso ukutani. Mzee akasema, bila hasira, "Wewe acha. Mke ya kijana yangu atakuja." Mke huyo wa kijana wao alifika kesho yake jioni. Usiku mzima na mchana mzima, katika joto la Lodwar, bibi yule alilala na shuka shingoni.

Mtahini aliniuliza kwenye ukumbi kulikuwa na nini. Nikamweleza. Akavua miwani. "Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia? Ningeandika hapa haihusiki, tukaendelea. Alama usingepoteza hata moja."

Sentensi moja tu, Dada. Miaka kumi na saba, na niliogopa kutamka sentensi moja, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na kalamu.

Achol nilimwambia tukiwa tunafunga mizigo. Nilitegemea mzaha. Akafunga zipu ya mfuko wake, akasema, "Yule wa plastiki ulimngoja."

Kabla ya kuondoka nilikwenda wadini mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ejok, hakujibu. Ya pili vilevile, ingawa shanga zilikuwa zimesharudi shingoni. Ya tatu aliniomba maji, nikampa, akanywa kikombe chote. Sijui kama huo ulikuwa msamaha au kiu.

Cheti ninacho. Kazi ninayo. Achol pia amepita. Cheti changu kiko ndani ya sanduku, chini ya zile nguo zisizonitosha.

Basi kuhusu kilemba cha Mama. Muulize kabla hujagusa maji. Halafu ngoja, hata kama uji unaungua jikoni. Akikataa, mwoshe nacho: inua upande mmoja, pangusa, kausha, shusha, nenda upande wa pili. Inachelewesha, lakini inawezekana. Na akikupiga mikono, usimwambie kwamba mwenye cheti amesema kivuliwe. Mwenye cheti hajasema.

Ni mimi mdogo wako, wa kandambili moja,
Wakesho